Flashi ya Thelathini na Mbili

Mume wangu ni fundi wa video za harusi. Mtaani wanamwita Bwana Jibi, kwa ajili ya hizo gigabaiti anazohubiri kutwa. Jina hakulitaka. Wateja ndio waliomchosha mpaka akalipata.

Mtu ananunua flashi dukani kwake, imeandikwa thelathini na mbili. Akiichomeka kwenye kompyuta inaonyesha ishirini na tisa na ushei. Anarudi amevimba: "Fundi, zangu nyingine umepeleka wapi?" Naye, chai inapoa, anaanza upya. Kiwandani megabaiti elfu moja wanaziita gigabaiti. Kompyuta inataka elfu moja na ishirini na nne, na kila kipimo cha chini yake nacho ni hivyo hivyo. Ni kama sukari, anawaambia. Pima kwa kopo dogo la dukani, utapata makopo mengi. Pima kwa kopo lako kubwa la nyumbani, yanapungua, na sukari ni ile ile. Wanaitikia kwa kichwa, kisha wanatoka wakisema wamepigwa. Mimi ningeshawafukuza zamani.

Sasa tulipomwoza binti yetu, baba mkwe alikuwa kitandani, mbali na sisi, miguu haimbebi tena, na daktari ameshakataza asisafirishwe. Alitaka kitu kimoja tu, aione harusi kabla hajafumba macho. Mume wangu akairekodi mwenyewe. Fundi gani angemwachia mtu mwingine harusi ya mwanawe? Alishinda nyuma ya kamera, na mara moja tu alinipa niishike, alipokwenda kumshika binti yetu mkono na kumwombea heri. Picha nilipata.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ndiye aliyekuwa anampelekea mzee hizo video. Asubuhi ya safari kompyuta ilisema video zote ni gigabaiti thelathini na kidogo. Bwana Jibi akatazama flashi, imeandikwa thelathini na mbili, akasema inatosha. Yeye huyo huyo. Kinyozi hajinyoi, jamani. Lakini sikumlaumu, wiki nzima hakulala usingizi wa maana.

Akawa ananakili kipande kimoja kimoja. Kilipobaki cha mwisho, binti anatuaga, kompyuta ikagoma: nafasi haitoshi. Shemeji ameshasimama mlangoni, begi begani. Flashi nyingine ziko dukani, upande wa pili wa mji, na kuzibana video ziwe ndogo kungekula saa nzima.

"Toa hotuba ya mjomba wako," nikamwambia.

"Baba asipomwona shemeji yake itakuwa kesi."

"Basi toa keki."

"Hapo ndipo mjukuu wake anacheka, mama watoto. Nitaitoaje?"

Akafuta kwenye flashi kile nilichorekodi mimi, akaweka cha binti.

"Mimi baba ananijua," akasema. "Anayemtaka ni mjukuu."

Roho iliniuma, lakini flashi nikamkabidhi shemeji. Nilikuwa nimechoka, na gari halimsubiri mtu.

Mzee alipiga simu kesho yake jioni. Mume wangu akaweka spika ili na mimi nisikie. Alishukuru, akamsifu bibi harusi, akamcheka shemeji yake kwa kung'ang'ania maiki. Kisha akauliza:

"Mbona wewe humo, mwanangu? Mmegombana na mtoto?"

"Hatujagombana, baba. Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyeshika kamera."

"Nimeiangalia mara mbili," mzee akasema. "Ya kwanza nilimwangalia bibi harusi. Ya pili nilikuwa nakutafuta wewe."

Mume wangu alikuwa na la kujibu. Kile kipande kipo kwenye kompyuta, angeweza kumpa mtu yeyote apeleke. Hakukitaja.

"Nakuja, baba," akasema.

Harusi ya watu ya Jumamosi akampa fundi mwenzake, akapanda gari.