Kifurushi cha Nerima

Nerima alikuwa Mbukusu wa Bungoma, Kenya, aliyeishi Kisugu, Kampala, na mumewe Cleopas na mwanawe Travis. Siku za kazi aliuza mitumba ya watoto Kansanga. Jumamosi alichezesha watoto kwenye sherehe za kuzaliwa. Mchezo wake aliutunga mwenyewe. Alichukua zawadi ndogo, akaizungushia gazeti, juu yake akaweka nyingine, akazungushia tena, mpaka kifurushi kikawa kikubwa kama kabichi. Kila tabaka lilikuwa na karatasi yenye agizo. Watoto waliketi duara, kifurushi kikapita mkono kwa mkono huku Nerima akipiga beseni. Beseni likinyamaza, aliyekishika anafungua tabaka moja, lakini zawadi si yake: anampa yule anayetajwa na karatasi. Mpe aliyevaa nyekundu. Mpe aliyekupisha mlangoni. Wazazi waliupenda, maana hata asiyepata kitu alikuwa ametoa kitu.

Mwezi wa Agosti alipigiwa simu na mwanamke wa Ggaba aitwaye Amito. Alikuwa Mwacholi aliyekulia katika kambi ya jeshi, binti wa askari, ndiyo maana Kiswahili kilimtoka bila shida. Alisema binti yake anatimiza miaka mitano, na kwamba baba wa mtoto ni Mkenya, mtu wa huko huko kwa kina Nerima. Wakakubaliana Jumamosi. Cleopas naye alikuwa ameaga kwamba siku hiyo atakuwa mpakani Malaba kupokea mzigo wa vipuri.

Kwenye keki paliandikwa Nakhisa. Lilikuwa jina la mama mkwe wa Nerima. Alilisoma, akawaza kwamba Wabukusu wamejaa Kampala, akaketi na beseni lake.

Mchezo ulipofika katikati, kifurushi kilisimama mikononi mwa mwenye siku. Amito akamsomea agizo: mpe mtu anayefanana na wewe. Mtoto aliwatazama wenzake mmoja mmoja. Kisha akainuka, akakimbilia mlangoni, akampa kibanio cha nywele mwanamume aliyekuwa akiingia na kreti ya soda.

"Baba," alisema.

Watoto wakacheka, Amito naye akacheka. Kweli walifanana, paji lile lile, masikio yale yale. Cleopas alisimama na kreti yake, kibanio kikining'inia kidoleni, akimtazama mkewe. Nerima alihisi mikono mizito, kama ameilalia. Alijua kuna neno anatakiwa aseme. Alilitafuta, akaliona liko mbali.

"Ni chako, shika," alimwambia Cleopas. "Tunaendelea."

Akapiga beseni. Alipiga mpaka tabaka la mwisho, akawapigia watoto makofi, akaokota magazeti. Amito alimfungia pilau, akamshukuru, akamwita dada. Ilikuwa wazi kwamba hajui kitu. Nerima akapokea, akaenda zake.

Kesho yake, Nerima alipotoka kanisani, alimkuta Cleopas nyumbani. Cleopas aliongea sana: kwamba hakupanga iwe hivyo, kwamba alimwambia Amito hana mke, kwamba mtoto hana kosa. Nerima alikuwa akitenganisha suruali za mitumba, ndogo na kubwa. Alimwuliza jambo moja tu.

"Mama yako anajua?"

Cleopas akainamisha kichwa. Alimpeleka mtoto Bungoma Desemba iliyopita, alisema, na mama alifurahi kupata wajina.

Desemba hiyo ndiyo Nerima alimpa Cleopas blanketi ampelekee mama. Alingoja uchungu umpande, kama aliyeng'olewa jino anavyongoja ganzi iishe. Haukuja. Akamwuliza kama amekula. Hakuwa amekula, kwa hiyo akampashia moto pilau ya Ggaba, naye akaila akiwa ametazama ukuta.

Cleopas alihama kidogo kidogo, leo viatu, kesho redio, mpaka Travis akaacha kuuliza. Amito alipoupata ukweli alipiga simu akilia. Nerima alimsikiliza na kumwamini, kisha akamwambia ana sufuria jikoni. Jumamosi aliendelea kwenda kwenye sherehe za watu. Waumini wenzake walimwambia alie, atapata nafuu. Alijaribu, akajikuta anawaza bei ya marobota ya mitumba.

Krismasi mama mkwe alipiga simu. Nerima alimwuliza habari za goti na za mahindi. Mama akauliza Travis yuko darasa la ngapi, akajibiwa. Kisha mama akasema kwao jua limezidi, na Nerima akasema hata Kampala ni hivyo hivyo.