Mzani wa Maharage Ukumbini

Betri za mzani wa pambano nilizitoa mimi, nikazitia mfukoni. Nakiri hilo kwanza ili mengine yasionekane makubwa.

Jumamosi ile kaka yangu alikuwa apigane hapa Kasulu na kijana wa Kibondo, kwenye yale mapambano ambayo ngumi, mateke na mieleka vyote ruksa. Mwisho kilo sitini na moja. Kaka bado alikuwa na sitini na tatu. Wiki nzima alikimbia njia ya Titye amevaa koti la mvua, ugali hagusi, mpaka mama akauliza kama kijana ana minyoo. Akizidi uzito, hapigani, na pambano alishawatangazia hata watu ambao hawakumuuliza.

Mzani ulipogoma kuwaka, mwandaaji, ambaye siku nyingine ni fundi simu, akashika kiuno. Nikajitolea.

"Bro, mnunuzi wa maharage hapo nyuma ana mzani wa kuning'iniza. Nikauazime?"

Mzani ule kila mkulima anaujua. Unakula. Gunia unalolijaza nyumbani, kwake linakonda. Nilifikiri hivi: umekula maharage ya mama miaka yote, basi leo umle na kaka kidogo.

Tukaufunga kwenye boriti. Kaka akashika ndoano, akakunja miguu. Hamsini na tano. Mwandaaji akaandika. Kaka akaniangalia, nami nikaangalia dari.

Ndipo simu ikaja: wa Kibondo haji, goti limevimba. Mwandaaji akatupa macho ukumbini, akamwita mbeba magunia mmoja wa Kitahana aliyekuja kutazama tu. Shingo yake ilianzia masikioni. Akaning'inia, bati likalalamika. Sitini na moja kamili.

"Amepita," mwandaaji akasema. "Mzani hauna ndugu."

"Unaye," akajibu mama mmoja kwenye benchi la nyuma. "Yule aliyeununua."

Watu wakacheka. Kaka hakucheka. Akanivuta pembeni.

"We nyau, huyu ataniua."

"Si ulitaka kupigana?"

"Nilitaka kupigana na mtu."

Ningeweza kusema ukweli, ila ingebidi nianzie kwenye betri.

Mama akaingia na chupa ya uji wa kaka. Akamtazama mbeba magunia, akamtazama mwanawe, akautazama mzani. Alitoka, akarudi na muuza duka wa ng'ambo ya barabara, kanzu ameikunja kiunoni, begani mfuko wa saruji wa kilo hamsini ambao haujafunguliwa. Wakauning'iniza.

Arobaini na mbili.

Karibu kila aliyekuwa mle ndani alishauza maharage kwa mzani ule.

Mwandaaji akachukua kalamu, akaongeza nane kwa kila jina. Kaka kazidi mbili, mbeba magunia kazidi nane. Hakubaki wa kupigana. Mbeba magunia akavaa shati lake, akauliza kama kiingilio chake bado kinafanya kazi. Kaka akakaa sakafuni, akanywa uji wote bila kupumua, na sijawahi kumwona mtu aliyekosa pambano akiwa na uso mtulivu vile.

Mama akaninyooshea kiganja. Sijui alijuaje. Nikaziweka betri juu yake. Akazitazama, akasema:

"Ufungue huo mzani uubebe. Tunakwenda kwa mwenyewe, leo napima mimi."