Shangazi na Mbwa Asiyekosa

Shangazi yangu hamwamini mtu, ulijue hilo kwanza. Miaka kumi na tisa alikagua mizigo stesheni, na mpaka leo ukimwambia umeshiba anakutazama mifukoni. Stesheni ilipopunguza watu, akaanza kufundisha mbwa kutafuta uyoga wa porini kwa kunusa. Mimi niko naye kila siku, yaani sichoki kumwangalia.

Mbwa wake anaitwa Karani kwa sababu ya ule uso, kama mtu anayekwambia urudi kesho. Kila asubuhi shangazi anavaa glavu zake za bustani, anafukia vipande vya uyoga chini ya majani uani, halafu anamwachia. Karani ananusa, anakaa kitako palepale, anapewa kipande cha ini. Kumi kwa kumi, wiki tatu mfululizo.

Mimi nashangilia. Shangazi kanuna.

"Mbwa gani hakosi hata siku moja?" akasema. "Kuna mtu anamwonyesha."

Na Jumamosi mpishi mkuu wa hoteli alikuwa anakuja, waingie na Karani msituni kwa mara ya kwanza. Karani akipata uyoga, shangazi ndiye atakayeipelekea hoteli msimu mzima. Akikosa, mpishi anatafuta mtu mwingine. Basi Alhamisi upelelezi ukaanza, na mshukiwa wa kwanza mimi.

"Unamkonyeza."

"Shangazi, mbwa anakonyezwaje?"

"Geukia ukuta."

Nikageukia ukuta. Karani akapata vyote. Akafuata mume wake, fundi viatu, mtu mpole ajabu.

"Wewe unamlisha kwa siri."

"Mke wangu, hilo ini hata mimi sijalionja."

Akafungiwa jikoni. Karani akapata vyote tena. Shangazi akakaa juu ya ndoo, akazigeuza glavu zake ndani nje kama anazikagua stesheni. Halafu akamfungulia fundi.

"Chukua koleo, ufukie uyoga sehemu tatu. Usiuguse kwa mkono."

Shangazi mwenyewe akafukia glavu moja, tupu, karibu na pipa la maji.

Karani akapita uyoga wa kwanza. Akapita wa pili. Wa tatu akaukanyaga kabisa. Akaenda moja kwa moja kwenye glavu, akakaa, akamtazama shangazi kwa uso wake wa ofisini, anangoja ini.

Kumbe wiki tatu zote alikuwa anatafuta harufu ya glavu.

Fundi alicheka mpaka akashika ukuta. "Jumamosi tangulia wewe, ufukie msituni kwa glavu zako. Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Nimeshakamata wajanja kuliko wewe."

Akampigia mpishi, sauti ya simu nje ili wote tuwe mashahidi.

"Mbwa hajaiva. Nipe wiki mbili nianze upya na koleo."

"Nani amekufuata?" mpishi akauliza.

"Hakuna mtu. Mbwa anatafuta glavu."

"Glavu. Ile hoteli ya ng'ambo ya barabara, siyo? Wamekuahidi nini?"

"Nakwambia glavu."

"Mama, mimi nimeshadanganywa vizuri kuliko hivyo. Wiki mbili chukua. Ila huyo mbwa usimwonyeshe mtu."

Akakata. Mimi nikaanza kurukaruka. Shangazi bado anaitazama simu.

"Amekubali haraka mno," akasema. "Kuna kitu anaficha."