Tundu Lililokatwa Kichwa Chini

Kwa miaka arobaini, yeyote katika mji wa Ledbury, Uingereza, aliyekuwa na picha ya gari la zamani la mashindano asilolijua alimpelekea Wilf Tranter, fundi mstaafu mwenye ulimi wa pilipili. "Hili hata kuku wangu wanalijua," angesema, kisha akalitaja.

Jumanne moja akaja Enid Pugh, mjane, na picha ya mwaka 1951. Marehemu mumewe, bado kijana, alikuwa ndani ya gari alilojiundia uani kwa vipande vya magari matatu.

"Aliliuza binti yetu alipozaliwa," Enid alisema. "Akajuta mpaka kaburini. Niambie tu liko wapi, nikaliguse."

Wilf akashika lenzi. Boneti ilikuwa na matundu saba ya hewa, na la mwisho lilikatwa kichwa chini. Tundu hilo alilijua.

Mwaka 1968 alikuwa amelinunua gari hilo la kuungaunga kwa ajili ya injini yake tu. Aliihamishia kwenye gari lake lenye jina kubwa, akabeba vikombe. Mabaki aliyakatakata. Enzi hizo wote walifanya hivyo. Nani angelilia gari la uani? Boneti aliezekea banda la kuku. Ilionekana dirishani sasa hivi, nyuma ya bega la Enid, matundu yote saba.

"Vipi, mzee wangu?"

"Silijui," Wilf alisema.

Enid akamsogezea picha. "Basi baki nayo. Wameniambia hakuna anayeyatunza magari haya kama wewe."