Mlango wa Nyuma na Mama Mkwe

Ryoba alikuwa na pikapu moja, mke mmoja na mama mkwe mmoja, na aliyekuwa anamtia hofu ni huyo wa mwisho.

Si kwamba Bibi Wegesa alikuwa mkali. Alikuwa mama mnene, mcheko wake unasikika hadi kwa jirani wa tatu. Hofu ilikuwa ya heshima. Kwao, mwanaume na mama wa mke wake hawapeani mkono, hawali sahani moja, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anapotelea vichakani kama vile kaona nyoka. Tangu Ryoba amuoe Debora, mama mkwe hajawahi kutaja jina lake, na yeye hajawahi kumtamkia neno. Maneno yote yalipitia kwa Debora, hata kama wamesimama uwanja mmoja na kila mtu ana masikio yake.

Sasa mjukuu wa kwanza wa Bibi, Petronila, alikuwa anaolewa, na sherehe ni nyumbani kwa mama yake, kule Mwitongo, Butiama. Bibi anaishi Bunda kwa mwanawe Wenceslaus, na magoti yake yalishakataa kukunja siku nyingi. Wenceslaus alikodi gari dogo, wakajaribu kumwingiza. Mguu mmoja ukaingia, wa pili ukagoma, gari likalala upande. Bibi alicheka hadi machozi, halafu Wenceslaus akaona yale machozi yamebadilika.

"Basi niacheni," Bibi akasema. "Mtaniletea kipande cha keki."

Wenceslaus alipopiga simu kueleza hayo, alimkuta Debora nyumbani kwake Makoko ananyonyesha mtoto wao, Robi. Alipomaliza kumsimulia mume wake, Ryoba aliweka chini kikombe cha chai.

"Mama ataenda," akasema. "Na ataenda amekaa kwenye kiti chake kile kikubwa."

"Ndani ya nini?"

"Ndani ya pikapu yangu. Kwani nabebaga mizigo ya nani kila siku?"

Kweli, alikuwa anabeba kila kitu. Alianza kama utingo kwenye malori ya samaki, akaweka akiba kidogo kidogo hadi akapata pikapu nyeupe ambayo milango yake miwili haifanani rangi. Alihamisha vitanda, saruji, mabati, magunia ya dagaa, na siku moja mbuzi wa padri aliyekula risiti. Ila kitu alichokilinda kuliko injini ni mlango wa nyuma, ule unaolazwa chini wakati wa kupakia. Unashikiliwa na bawaba mbili na vikamba viwili vya waya, kimoja kila upande, na maji ya samaki yalishavionja, vimeanza kutu. Wapakiaji pale ziwani walimjua. Mtu akiketi tu kwenye ukingo, anasikia sauti: "Wewe! Hiyo siyo benchi!"

"Karibu na bawaba una nguvu," alikuwa anamwelezaga Debora, ambaye hakuwa ameuliza. "Ukingoni hauna. Na mzigo uliotulia siyo sawa na mzigo unaorukaruka. Gunia halichezi. Binadamu ndiyo tatizo."

Sasa binadamu mwenyewe ndiye huyu. Jioni hiyo Ryoba alizunguka pikapu mara nyingi, kisha akamjia mke wake taratibu kama mtu anayetaka kuungama.

"Mama Robi. Samahani sana. Hivi mama... ana kilo ngapi?"

Debora alicheka hadi mtoto akaachia ziwa na kumtazama. Mkwe anauliza uzito wa mama mkwe! Alipiga simu Bunda, akajifanya ni wazo lake.

"Anauliza nani?" Bibi akadaka palepale.

"Mimi, mama."

"Tangu nikuzae hujawahi kuniuliza. Mwambie huyo aliyesimama nyuma yako kwamba kliniki walinipandisha kwenye mizani, mshale ukaenda mpaka mwisho, ukagonga, ukarudi kuniangalia."

Ryoba, aliyekuwa kweli amesimama nyuma yake, alijifunika uso kwa kofia.

Basi wakapima kwa akili ya saruji, maana mfuko wa saruji kila mtu anajua kilo zake.

"Mama ni mfuko mmoja?"

"Baba Robi, usimtukane mama yangu."

"Miwili?"

"Miwili na debe la mchanga. Na Jumapili akishakula, ongeza kidogo."

Wakalaza mlango, wakapanga mifuko, debe, na juu yake mawe badala ya kiti. Ryoba akaongeza mfuko mwingine, akauita mfuko wa heshima. Vikamba vikakaza, mlango ukatulia tuli. Akainama kuchungulia bawaba, akagonga bati kwa kidole, akaingia ndani akiimba wimbo wa kwaya kwa sauti ya nne ambayo si yake.

Jumamosi asubuhi wakawa Bunda. Uwanja wa Wenceslaus ni tambarare kama meza. Bibi alikuwa tayari kwenye kiti chake cha mbao, kitenge kipya, kilemba kimesimama kama jogoo. Shangazi Nyamburi, dada wa marehemu baba yake Debora, ambaye kwenye ukoo huo ndiye anayekata mashauri, alikuwa ameshaanza vigelegele kabla hata mtu hajanyanyuliwa.

Ryoba alisimama mbele ya pikapu, mgongo kawageuzia, anaongoza kazi bila kutazama.

"Mwambie mama akae katikati ya kiti."

"Mwambie nimejaa kiti chote, hakina katikati," Bibi akajibu.

"Mwambie ashike mikono ya kiti."

"Mwambie nimeshika tangu jana."

Wenceslaus na vijana watatu wa jirani wakanyanyua kiti. Hii! Hii! Kikafika, kikakaa kwenye ukingo wa mlango. Mlango ukapokea mzigo vizuri kabisa, kama ulivyopokea saruji. Ryoba akasikia kimya kizuri, akatabasamu peke yake.

Lakini kiti kilitakiwa kuvutwa hadi ndani ya bodi. Wenceslaus akaruka juu ya mlango ili avute. Kijana wa kwanza akaruka, wa pili akaruka. Wa tatu naye akaruka.

Debora alikuwa amesimama pembeni, mtoto mgongoni. Wengine wote walikuwa wanaangalia kilemba. Yeye aliangalia kikamba cha kulia. Aliona uzi mmoja wa waya umejikunja, umetoka peke yake, kama unywele. Halafu mwingine. *Ti*, kikalia.

"Baba Robi! Kamba!"

Ryoba aligeuka. Hakukumbuka heshima wala mila. Alipita chini kama golikipa, akaingia chini ya mlango, akaupokea kwa mgongo, mikono kwenye magoti. Kigelegele cha Shangazi Nyamburi kikakatika katikati.

Uwanja mzima ukaganda. Mkwe yuko chini ya mama mkwe wake! Katikati yao ni bati tu.

Wenceslaus akataka kuruka ashuke.

"Usiruke!" Ryoba akapiga kelele kutoka chini. "Ukiruka unanivunja! Mmoja mmoja, ingieni ndani ya bodi, polepole. Mungu wangu, nilimpima mama, sikuwapima wanaombeba!"

Wakaanza kurudi nyuma kwa vidole vya miguu. Ndipo mlango ukaanza kutetemeka. Debora alidhani ni kamba ya pili. Kumbe ni Bibi. Bibi alikuwa anacheka. Kicheko kilianza tumboni, kikapanda mabegani, kilemba kikawa kinaitikia, na kila cheko moja lilikuwa linatua kwenye uti wa mgongo wa Ryoba.

"Mama, usicheke!" Ryoba akalia.

Amemwambia mama mkwe mwenyewe, mdomo kwa sikio! Watu wakatazamana. Hata mtoto wa Debora aliacha kunyonya kidole.

"Nitaachaje kucheka, Ryoba," Bibi akajibu, akifuta machozi kwa ncha ya kitenge, "na wewe umenibeba mgongoni kama mtoto mchanga?"

Alimtaja jina. Debora akaangua kicheko, mtoto akarukaruka mgongoni. Vijana, wakiwa wamesimama ndani ya bodi, wakavuta kiti, kikateleza kikaingia. Mlango ukawa mwepesi. Ryoba akatoka chini akitambaa, akakimbilia mbele ya gari kujificha.

Macho yote yakaenda kwa Shangazi Nyamburi. Hapa ilibidi litoke neno: ni kosa lenye faini, au si kosa?

"Amemgusa?" akauliza.

"Amegusa bati," Debora akasema haraka.

Shangazi akafikiri, mkono kiunoni. "Bati halina aibu. Fungeni kamba twende, tutamkosa padri."

Walifunga kiti kwa kamba ya katani kila upande, na mlango wakaukaza kwa nyingine. Bibi alikaa akitazama walikotoka, mwavuli mkononi, akipungia watu wa Bunda ambao hakuwa amewaona miaka mingi. Bodaboda wakaanza kuwasindikiza kwa honi bila kujua sherehe ni ya nani. Walipokata kona Kiabakari kuelekea Butiama, mama mmoja muuza ndizi aliuliza, "Huyo ndiye bibi harusi?" na Bibi akamjibu, "Ndiyo, bwana harusi anaendesha!" Ndani, Ryoba alikaribia kuingia mtaroni kwa haya, na Debora kando yake alicheka hadi akashika mbavu.

Walipofika Mwitongo, kabla mtu hajagusa chochote, Ryoba alilaza mlango, akapanga matofali chini yake hadi yakabana. Lakini Bibi alikataa kushuka.

"Hapa naona watu wote. Waje wao."

Wakaja. Ndugu, majirani, wanakwaya, wote wanataka kupanda kumsalimia Bibi wa Bunda. Ryoba akasimama kando ya mlango, uso kaugeuzia uani kwa heshima, mkono mmoja umenyooshwa nyuma kama kizuizi cha barabarani. "Mmoja mmoja! Hakuna kuruka! Na wewe mama wa kwaya, vua hivyo viatu!"

Akapanda Petronila na shela lake lote, akapiga magoti juu ya bati, Bibi akamshika mashavu, wakawa wanalia na kucheka. Bwana harusi, na suti yake, akaona naye ni zamu yake, akainua mguu.

Mkono wa Ryoba ukamzuia kifuani.

"Mume wangu," Bibi akamtania bwana harusi kutoka juu, "wewe subiri hapo chini na mkwe mwenzako. Mlango tayari una mtu."