Bolti Mfukoni mwa Farquhar

Farquhar Beaton aliongoza wawindaji katika milima ya kaskazini mwa Uskoti kwa miaka thelathini na moja, na mdomo wake ulimponza mara nyingi kuliko miguu. Wageni aliwavumilia, ila darubini za bunduki zao alizichukia. Mwaka wake wa tatu kazini, mgeni mmoja alifyatua kutoka mbali akamvunja kulungu taya, na Farquhar akamfuata yule mnyama siku mbili kwenye mvua mpaka akammaliza. Ilimuuma sana. Tangu hapo hakuna kulungu aliyejeruhiwa mbele yake, na kila jioni mkewe Peigi alimpokea mlangoni kwa swali lile lile: "Hakuna aliyeumia?"

Siku ya mwisho ya msimu, ambayo ilikuwa yake ya mwisho kazini, akapewa Bwana Lionel, mwuza vigae kutoka kusini, mwenye bunduki ndefu na maneno marefu zaidi. Tangu chai ya asubuhi alikuwa akieleza anavyotoboa kopo kwa hatua mia tano. Farquhar akamsifu mno. Huko kiongozi ndiye hubeba bunduki ya mgeni hadi dakika ya mwisho, basi akaipokea, akachomoa kimyakimya bolti, kile chuma cha nyuma ambacho bila hicho bunduki hailii, na kuitia mfukoni.

Saa sita wakamwona dume ng'ambo ya bonde. Lionel akadai bunduki yake, akapewa bila ubishi. Akalala, akalenga, akapapasa.

"Mzee, mbona haina bolti?"

"Ninayo mimi, bwana. Naipeleka pale karibu na kulungu. Ukiitaka, nifuate."

Wakatambaa kwa matumbo saa moja na nusu, upepo ukiwapiga usoni, maji yakiingilia kolani na kutokea kwenye suruali. Farquhar alikuwa na raha tele. Kila alipoona dimbwi lenye tope la kutosha, alipita katikati yake makusudi ili mgeni naye apite.

Hatimaye wakajibanza nyuma ya jiwe. Dume alisimama hatua sitini tu, akinguruma kuwaita majike, mvuke ukimtoka puani. Farquhar akatia mkono mfukoni. Akajaribu mfuko wa pili. Akarudia wa kwanza.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Bolti ilikuwa imebaki katika dimbwi mojawapo.

Lionel alimtazama, akaelewa. Farquhar akafumba macho kungoja matusi, na safari hii aliona anayastahili. Alipoyafumbua, yule bwana alikuwa amemgeukia dume, kinywa wazi, kope zimejaa tope.

"Kutoka kule," akanong'ona, "nilikuwa naona pembe tu."

Wakabaki hivyo mpaka upepo ulipogeuka na mnyama akaondoka zake, wala hakukimbia.

Lionel aliisimulia habari hiyo kwa kila aliyekutana naye, hata kabla hajavua viatu, kwa hiyo ilimtangulia Farquhar nyumbani. Peigi alikuwa mlangoni, mkono mdomoni, mabega yakimtikisika.

"Hakuna aliyeumia?"

"Mmoja tu," akasema Farquhar, akijipapasa mfuko mtupu. "Lakini bado anatembea. Mkaribishe ndani umpe supu."