Zamu ya Watu Wazima

"Dada, mbona kila mara tunambadilisha binti? Kwani yeye ndiye mwenye makosa?"

Aliyeuliza alikuwa msichana wa kidato cha pili, katika shule ya kata iliyo ufukweni, kaskazini ya Gombe. Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya sanaa za maonyesho, na kila Alhamisi nilipanda boti Kibirizi kwenda kufundisha klabu yao ya maigizo. Nikasema tuendelee na mazoezi.

Igizo lenyewe lilikuwa fupi. Baba anapokea posa ya binti anayesoma, shangazi anaitwa kumfunda, mama ananyamaza. Hapo tunasimamisha. Mtazamaji yeyote anaruhusiwa kuingia, kuchukua nafasi ya mhusika na kujaribu kugeuza mambo. Nilikwisha kulifanya na shule za Ujiji na za mjini Kigoma, na kote watu walichukua nafasi ya binti. Walimfanya apige kelele, atoroke, akimbilie polisi. Makofi yalipigwa, tukakunja vifaa vyetu. Baba wa kwenye igizo alibaki vilevile alivyokuwa.

Siku hiyo, wenzake walipoondoka, msichana alinieleza lililokuwa linamsumbua. Posa yake ilikuwa imepokelewa. Muhula ukiisha, shuleni wangeambiwa amehamia Kasulu kwa mjomba, kumbe yuko kwa mume. Nikamwambia naenda kwa mtendaji wa kijiji sasa hivi.

"Ukienda, baba atalala ndani. Mimi na wadogo zangu tutakula kwa nani?"

Basi sikwenda. Ndani ya boti, nikirudi, nilijiuliza kama kazi yangu ina maana yoyote. Igizo la nusu saa litamfanya nini mtu aliyekwisha kutoa neno lake? Lakini swali lake la kwanza, kuhusu binti, halikuniacha. Wiki iliyofuata tuliweka sheria mpya: binti haguswi. Anayetaka kuingia achukue nafasi ya mtu mzima. Msichana akaomba yeye acheze baba.

Tulichagua siku za mbalamwezi. Mwezi ukiwaka wavuvi wa dagaa hawaendi ziwani, kwa hiyo wanaume wako kijijini. Mchana ule uwanja wa shule ulijaa. Baba wa msichana alisimama nyuma kabisa, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi.

Msichana alitokea na masharubu ya masizi na koti lililomfika magotini.

"Mzee, masharubu yanateleza!" kijana mmoja akapaza sauti.

"Nyamaza, nisije nikakuoza na wewe," akajibu kwa sauti nzito. Watu wakaangua kicheko.

Tuliposimamisha, kijana yuleyule akainuka. "Naingia kwa binti."

"Binti haguswi leo," nikasema. "Chagua mtu mzima."

"Kumbe mmekuja kutugombanisha na wazee!" Akakaa.

Nikaanza kuijutia sheria ile. Ndipo mwanamke mmoja wa mstari wa mbele akainuka, akafunga kitenge vizuri, akasema anataka nafasi ya shangazi. Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Sura yake na ya msichana zilikuwa moja. Alikuwa shangazi yake wa kweli, aliyeolewa Simbo. Akamkabili yule mwenye masharubu ya masizi.

"Kaka, posa umepokea?"

"Nimepokea."

"Mimi uliniuliza?"

"Sikukuuliza, dada."

"Basi hujapokea kitu. Rudisha."

Msichana akajibu kama baba. Maneno yaliyofuata hatukuwa tumeyafanyia mazoezi. "Nimekwisha kutoa neno. Nitawatazamaje watu?"

"Waambie dada yako ni mkorofi, amekataa. Jina hilo mimi nimelizoea."

Uwanja mzima ukalipuka kwa vicheko na vigelegele. Nilimtazama baba yake. Hakucheka. Alivua kofia, akajifuta uso, akaondoka makofi yakiendelea.

Januari niliposhuka kwenye boti nilimkuta msichana shuleni, amefika kabla ya wenzake, anapanga viti, yuko kidato cha tatu. Baadaye alimaliza cha nne. Nina tabia ya kushuku kila kinachonifurahisha, na hili nimelishuku sana, lakini bado najivuna. Najivunia swali lake, na najivunia kwamba sheria ile tuliiweka. Kwa miaka nimewasimulia walimu wenzangu jinsi shangazi yule alivyoguswa na igizo, akainuka papo hapo.

Mwaka jana nilikutana naye sokoni Kigoma. Baada ya shikamoo nikamuuliza nini hasa kilimwinua siku ile.

"Kiniinue nini, mwanangu? Kaka ndiye aliyenipigia simu. Akasema njoo, ukae mbele."

Akanieleza kwamba siku chache kabla ya onyesho, baba yule alikuwa amemsikia binti yake nyuma ya jiko, peke yake, akijizoeza kuwa baba.